Zungumza na Mtoto Kabla Hajajua Kusema

Somo kwa vikundi vya wazazi na walezi: lugha na makuzi ya mtoto katika mwaka wa kwanza

Ukipita Mkolani saa za jioni, jua likikaribia kuzama nyuma ya vilima vya mawe, utaona jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Mtoto wa miezi kumi ameshikwa mikono katikati ya uwanja. Shangazi yake anamwachia kidogo, na watu wote wanaitikia pamoja: "Dede! Dede! Dede!" Mtoto anasimama kwa kitambo, anayumba, anakaa kitako ghafla. Wote wanapiga makofi, kisha anainuliwa kuanza upya.

Hakuna aliyekwenda chuoni kusomea kazi hiyo. Bibi alimfanyia mama, mama anamfanyia mtoto. Lakini ukimuuliza mama huyo, "Leo umezungumza nini na mwanao?" huenda akacheka na kusema, "Nizungumze naye nini? Huyu bado hajui kitu."

Somo hili linahusu jibu hilo. Tutaona kwamba mtoto mchanga anajua mengi kuliko tunavyodhani, na kwamba kuongea hufundishwa kama vile kusimama dede kunavyofundishwa. Pia tutaona kwa nini mzazi anayezoea kuzungumza na mtoto ndiye anayegundua mapema iwapo kuna tatizo.

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo washiriki waweze:
- kueleza hatua kuu za makuzi na lugha tangu kuzaliwa hadi miezi 12;
- kutaja mambo ambayo kila mzazi anaweza kufanya bila gharama;
- kutambua dalili zinazohitaji mtoto apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Mwezeshaji: andaa mkeka, kopo lenye mahindi makavu machache, na waombe akina mama waje na kadi za kliniki za watoto wao. Waalike akina baba na mabibi pia.

TUNACHOKIFUNDISHA NDICHO KINACHOWAHI

Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu watoto wachanga wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya. Aliona kwamba watoto wale walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Wengine walidhani ni suala la damu. Super alipochunguza, alikuta kwamba wazazi wa Kokwet waliwafundisha watoto wao makusudi kukaa, kusimama na kutembea. Katika mambo ambayo hayakufundishwa, kama vile kutambaa, watoto hao hawakuwa mbele ya wenzao.

Utafiti mwingine ulifanyika miaka ya 1970 kwa Wagusii wa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Robert LeVine na wenzake waliona kwamba mama wa Kigusii alimbeba mtoto karibu muda wote, na mtoto alipolia alinyamazishwa upesi kwa kubebwa na kunyonyeshwa. Katika kumtuliza mtoto, mama huyo alimshinda mama wa Boston, Marekani. Lakini alizungumza na mtoto wake mara chache zaidi.

Tukiyaunganisha mambo haya mawili tunapata fundisho kwa ajili yetu. Mtoto huwahi katika lile analofundishwa. Mbeleko, titi na mapaja ya bibi ni mtaji mkubwa tulio nao tayari. Linalobaki ni kuongeza maneno juu yake.

SIKIO HUANZA KAZI TUMBONI

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Ndiyo maana anazaliwa akiifahamu sauti ya mama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku chache tu walipendelea sauti ya mama kuliko ya mwanamke mwingine.

Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walieleza jambo lingine la kushangaza. Mtoto wa miezi sita hadi minane anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani. Afikapo miezi kumi hadi kumi na miwili, uwezo huo umepungua sana, kwa sababu sikio lake limejikita katika sauti anazozisikia kila siku. Kwa hiyo mtoto anayeonekana kulala tu na kunyonya yuko shuleni. Mwalimu wake ni yule aliye karibu naye.

HATUA KWA HATUA

Kumbuka: watoto hawalingani. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Baadhi yao walitembea peke yao wakiwa na miezi minane na wiki kadhaa, wengine baada ya miezi kumi na saba, na wote walikuwa wazima. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kuzaliwa hadi miezi 2
- Hushtuka akisikia kishindo, na hutulia akisikia sauti anayoijua.
- Huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Huo ni kama umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama.
- Karibu na wiki ya sita huanza kutabasamu akitabasamiwa.
- Akilazwa kifudifudi hujaribu kuinua kichwa.
La kufanya: unaponyonyesha, mtazame usoni na umsemeshe. Mwite kwa jina lake.

Miezi 3 hadi 4
- Hutoa sauti laini kama "aaa" na "uuu". Ukimsemesha anajibu, kisha ananyamaza akisubiri zamu yako.
- Hugeukia sauti ya mtu anayemfahamu.
- Shingo inakaza, na anatazama mikono yake na kuipeleka mdomoni.
La kufanya: akitoa sauti, irudie, halafu nyamaza umpe nafasi. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza.

Miezi 5 hadi 6
- Hucheka kwa sauti, hupiga mayowe ya furaha, hupuliza mate kwa midomo.
- Hujigeuza, hunyoosha mkono kuchukua kitu.
- Huanza kukaa akijiegemeza kwa mikono.
La kufanya: taja vitu anavyovitazama. "Hiki kijiko. Yule ni kuku." Mpe kikombe cha plastiki au kijiko safi cha mti akichezee.

Miezi 7 hadi 9
- Hurudia silabi: "mamama", "bababa", "dadada". Hapo furaha hujaa nyumbani! Kwa kuwa maneno yetu mama, baba, dada na kaka yameundwa kwa silabi hizo hizo, tunadhani anatuita. Bado kidogo, anafanya mazoezi. Lakini tukiitika, anajifunza kwamba sauti ile ina mwenyewe.
- Hugeuka akiitwa jina lake. Huinua mikono ili abebwe.
- Hukaa bila kushikwa. Huwaogopa wageni. Hutafuta kitu kilichoanguka.
La kufanya: cheza naye mchezo wa kujificha kwa kanga. Mwite kwa jina kutoka upande wa pili wa chumba.

Miezi 10 hadi 12
- Huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kutamka. Ukisema "acha" anasita. Ukisema "baba yuko wapi?" anageuka kutafuta.
- Hupunga mkono kwaheri, hupiga makofi, wengi huanza kuonyesha kwa kidole.
- Humwita mama au baba akimaanisha yeye hasa. Wengine wana neno moja au mawili zaidi.
- Hushika punje ya mahindi kwa kidole gumba na cha shahada (kuwa mwangalifu, asiimeze!). Huvuta kiti na kusimama, hutembea akishikilia.
La kufanya: akionyesha kitu, kitaje na uongeze neno. Akisema "ma" akitazama maji, sema, "Ndiyo, maji. Unataka maji ya kunywa."

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Nyumbani tunasema Kisukuma na nje ni Kiswahili. Je, tutamchanganya mtoto?
Hapana. Watoto wengi duniani hukulia katika lugha mbili au zaidi, na hili haliwafanyi wawe bubu wala wazito wa akili. Bibi na azungumze Kisukuma chake, chenye sauti ambazo Kiswahili hakina. Sikio la mtoto ni jepesi kuzishika wakati huu. Mama na baba wazungumze lugha inayowatoka moyoni. Mtoto akiwa na neno moja la Kisukuma na lingine la Kiswahili, hesabu yote mawili.

Je, televisheni na simu zinaweza kumfundisha kuongea?
Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilicheza na watu waliozungumza Kichina mbele yao, kwa vipindi 12. Kundi lingine liliwaona na kuwasikia watu hao hao kwa televisheni. Waliocheza na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakujifunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Kumpa mtoto simu ili anyamaze ni kumnyima mwalimu wake.

Mimi nashinda sokoni, na mtoto yuko mgongoni. Nifanyeje?
Mgongoni ni mahali pazuri. Anasikia sauti yako na mapigo ya moyo wako. Msimulie unachofanya: "Sasa tunapima dagaa. Sasa tunapanga nyanya." Hata hivyo, mwongozo huo wa mwaka 2019 unashauri asifungwe kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mshushe, mtandikie mkeka, na akiwa macho mlaze kifudifudi huku ukimwangalia. Kwa asiyeanza kutambaa, jumla ya dakika 30 kwa siku inatosha. Kama dada yake au msichana wa kazi ndiye anayeshinda naye, mfundishe na yeye somo hili.

Je, chakula kinahusika?
Ndiyo. Ubongo unajengwa kwa chakula pia. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akipewa uji ulioongezwa dagaa waliosagwa, karanga au yai, pamoja na mboga na matunda. Anapolishwa, azungumzishwe.

MFANO WA KUJADILI: "WATOTO WA KIUME HUCHELEWA"

Mwezeshaji asome mfano huu polepole.

Mtoto wa kiume alizaliwa salama na kukua vizuri. Akiwa na miezi minne alitoa sauti kama watoto wengine. Alipofika miezi kumi, bibi yake alimwambia mama, "Mwanangu, huyu mtoto amenyamaza. Zamani alikuwa anapiga kelele, sasa ameacha. Na nikimwita hageuki." Mama akajibu, "Mama, mlango ukibamizwa anashtuka. Anasikia huyo. Watoto wa kiume huchelewa." Jirani akashauri akatwe udata chini ya ulimi. Akakatwa, akatoka damu nyingi, lakini hakuongea. Mtoto alipofikisha miaka mitatu ndipo alipopimwa hospitali na kuonekana hasikii. Mama alilia. Alisema kinachomuumiza si uziwi. Kinachomuumiza ni miaka mitatu ambayo mtoto alikaa kati yao bila lugha yoyote, na wao wakimwona mkaidi.

Bibi alikuwa amesema kweli. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo wazazi hawashtuki. Tofauti huonekana baadaye: silabi zile za "bababa" hazifiki au huchelewa sana. Na mlango unapobamizwa, mtoto huhisi mtikisiko mwilini hata kama sikio halisikii.

Uziwi wa utotoni una vyanzo vingi: rubela aliyopata mama akiwa mjamzito, manjano makali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, au urithi. Baadhi huzuilika kwa chanjo na matibabu ya mapema. Usioponyeka nao una msaada: vifaa vya kusaidia kusikia, na lugha ya alama. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio mwaka 2017. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963, na vizazi vya watoto viziwi nchini wamesoma na kufanya kazi kama watu wengine. Lakini msaada wowote hufaa zaidi ukianza mapema, wakati mlango wa lugha bado uko wazi. Mtoto asiyesikia akionyeshwa alama tangu utotoni, anapata lugha kamili.

JARIBIO DOGO LA USIKIVU

Linafaa kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12, aliyeshiba na mwenye utulivu.
1. Mama akae na mtoto mapajani. Mtu mmoja mbele amchezeshe kimya kimya.
2. Mtu mwingine asimame nyuma, upande mmoja, umbali wa hatua moja, mahali ambapo mtoto hamwoni. Asigonge sakafu wala kivuli chake kisionekane.
3. Amwite kwa sauti ya chini, kisha atikise taratibu kopo la mahindi.
4. Angalia: je, mtoto anageuka, anatulia au anapepesa macho? Rudia upande wa pili.
5. Asipoitikia, rudia siku nyingine. Asipoitikia tena, nenda kituo cha afya.
Jaribio hili si kipimo cha daktari. Hata mtoto akigeuka, kama bado una wasiwasi, nenda.

USISUBIRI: DALILI ZA KUMPELEKA MTOTO KITUO CHA AFYA

- Hashtuki kabisa kwa kishindo.
- Miezi 3: hatabasamu, hafuati uso wa mtu kwa macho.
- Miezi 4: shingo bado inalegea.
- Miezi 6: hageukii sauti, hachukui kitu.
- Miezi 9: hawezi kukaa hata kwa kusaidiwa, haitikii jina lake.
- Miezi 10: hatoi silabi kama "baba" au "mama".
- Miezi 12: hafanyi ishara yoyote, kama kupunga mkono au kuonyesha; hawezi kusimama hata akishikwa.
- Umri wowote: mwili umekakamaa au umelegea mno, anatumia mkono mmoja tu, au ameacha jambo alilokuwa akilifanya.

Anza na kituo kilicho karibu nawe. Siku za chanjo, yaani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mwezi wa 9 kwa chanjo ya surua na rubela, ni nafasi nzuri ya kumuuliza muuguzi. Usiondoke baada ya kupima uzito tu. Sema wazi: "Nina wasiwasi na usikivu wa mwanangu." Ikihitajika utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa ya Sekou Toure, au ya kanda ya Bugando. Mtoto akipata degedege, mkimbize hospitali mara moja.

Mambo ya kuacha:
- Kukata udata au kimeo nyumbani, na kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Ni hatari ya kutoka damu na kupata maambukizi, wala hakumfanyi mtoto aongee.
- Kutia mafuta, maziwa ya mama au dawa za majani sikioni.
- Kumfananisha mtoto na wa jirani kwa kumdharau, au kumlaumu mama.

Kazi hii si ya mama peke yake. Desemba 2021 serikali ilizindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mbili kati ya hizo, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali, zinaanzia mdomoni mwa mzazi, na hazinunuliwi dukani.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mfano tuliosoma, nani aliona tatizo kwanza? Kwa nini hakusikilizwa? Je, kwetu mabibi husikilizwa?
2. Akina baba: mara ya mwisho ulizungumza lini na mtoto wako mchanga? Ulimwambia nini?
3. Ni maneno gani tunawaambia wazazi wenye watoto waliochelewa? Yanajenga au yanaumiza?
4. Kuna mtoto gani mtaani kwetu ambaye kikundi kinaweza kumsaidia kufika kituo cha afya mwezi huu?

KAZI YA NYUMBANI

Kwa wiki moja, kila mshiriki achague shughuli moja ya kila siku, kama kuogesha au kulisha, na aifanye huku akizungumza na mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Aangalie mtoto anajibu vipi: kwa macho, kwa sauti au kwa mikono. Mkutano ujao kila mmoja aeleze alichokiona.

Jioni tutaendelea kuitikia "Dede!" uwanjani, na ni vyema tuendelee. Lakini mtoto akikaa kitako na kusema "bababa", tusimwinue haraka. Tumsubiri amalize, halafu tumjibu.